Kilometa 16 ngumu kuliko 90: kisa cha familia ya Kasulu na siku moja ya Kigoma

Mpango ulikuwa kwenye ukurasa mmoja wa daftari, umepigwa picha na kutumwa kwa WhatsApp. Saa kumi alfajiri kuondoka Kasulu. Saa kumi na mbili asubuhi Kibirizi. Saa mbili Gombe, kuona sokwe. Saa sita kurudi Kigoma. Saa nane Ujiji, makumbusho na ndugu wa bibi. Saa kumi ufukweni, watoto waogelee. Saa kumi na mbili jioni kuondoka. Saa mbili usiku nyumbani, kulala. Chini yake mwalimu, rafiki yangu tangu chuo, aliandika: "Kaka, wewe ndiye uliyeko huko Kigoma. Pitia utuambie panapovuja."

Wasafiri walikuwa wanane. Mwalimu wa shule ya msingi na mkewe, ambaye ana kibanda cha nafaka na dagaa sokoni Kasulu. Mama yake mwalimu, mzaliwa wa Ujiji, amevuka miaka 70 na magoti hayampi raha. Shemeji, yaani mdogo wake mke, aliyekuja mapumzikoni kutoka Dar es Salaam na Noah yake. Halafu watoto wanne: binti wa miaka 16, mvulana wa 13, mwingine wa 9, na kitinda mimba wa miaka 3 ambaye siku hizo mafua hayakuwa yakimtoka. Tarehe ilikuwa bado inagombaniwa kati ya Jumamosi mbili, 7 na 14 Septemba 2024.

Ratiba iliandikwa na shemeji. Ni dereva mzuri, mtu wa watu, na nia yake ilikuwa njema: kila mmoja apate lake ndani ya siku moja. Binti alitaka sokwe; yumo kwenye klabu ya Roots & Shoots shuleni kwao, mpango ambao Jane Goodall, mtafiti wa sokwe, aliuanzisha Dar es Salaam mwaka 1991, na hajawahi kuiona Gombe iliyomfanya mama huyo ajulikane. Bibi alitaka ndugu zake. Mama alitaka dagaa wa kwenda kuuza. Wavulana walitaka maji. Mwalimu anafundisha historia, alitaka makumbusho ya Ujiji. Mtoto mdogo hakuulizwa, kumbe ndiye aliyekuwa na kura nzito kuliko wote.

Tuanze na Gombe, maana ndiyo iliyobeba ratiba nzima mgongoni. Hifadhi iko kaskazini mwa mji wa Kigoma, kama kilometa 16, na haina barabara. Unaifikia kwa maji tu. Kutoka Kasulu hadi Kigoma mjini ni chini kidogo ya kilometa 100 na ni lami, kwa hiyo shemeji alizitazama zile 16 akaona ni mchezo. Nilipompigia alinijibu kwa uhakika kabisa:

"Kaka, kumi na sita si ni Kivukoni na Kimara hiyo?"

Nikamwambia Kivukoni na Kimara hakuna mawimbi.

Boti za abiria zinatoka Kibirizi, kwenye mwalo, yaani ufukwe wa kuegesha boti na mitumbwi, na lazima uelewe ni boti za nani. Si za mgeni. Ni za watu wa vijiji vya mwambao wa kaskazini, Mwamgongo na kuendelea mpaka Kagunga, jirani na mpaka wa Burundi. Wanakuja mjini asubuhi na mizigo yao ya kuuza, wanarudi mchana na sukari, sabuni, mabati na magodoro. Kwa hiyo boti inaondoka Kibirizi mnamo saa sita au saba mchana, inatumia saa tatu hata nne kufika Gombe kwa sababu inashusha watu na mizigo njiani, na ile ya kurudi mjini inapita mapema asubuhi. Mgeni anataka kinyume chake: kwenda asubuhi, kurudi jioni. Ukipanda Jumamosi mchana unafika alasiri au jioni. Sokwe utawaona Jumapili. Ukishuka mlimani Jumapili mchana, boti ya kurudi imeshapita tangu asubuhi. Unalala tena, unarudi Jumatatu. Usiku mbili. Nauli ni ya mwananchi wa kawaida kabisa, ila gharama yenyewe ni siku zako.

Njia ya pili ni kukodi boti nzima. Hapo unaondoka unapotaka, na mwendo unashuka hadi saa moja na nusu au mbili kutegemea injini na ziwa. Lakini boti hukodishwa kwa chombo, si kwa kichwa. Mkiwa wanane mnagawana kwa wanane. Mkiwa watatu, mzigo uleule unabebwa na watatu. Shemeji alikuwa ameshagawa kwa wanane na kuridhika na jibu.

Ndipo likaja suala la umri. Watoto wa chini ya miaka 15 hawaruhusiwi kuingia msituni kufuatilia sokwe. Kwa hiyo wavulana wawili na mdogo wao wangebaki chini. Bibi naye asingepanda: kutoka usawa wa ziwa, kama mita 770 juu ya bahari, milima ya Gombe inakwea hadi kupita mita 1,500 kwenye ukingo wa bonde la ufa, na sokwe hawachagui tambarare ili kumhurumia mgeni. Na watoto watatu hawaachwi na bibi mwenye magoti mabovu kando ya ziwa lenye kina cha mita 1,470, kwa hiyo mtu mzima mwingine abaki. Hesabu inakuja hivi: kati ya watu wanane waliolipiwa boti, watano wanakaa ufukweni Kasakela, ndani ya hifadhi, wakilinda chapati zao dhidi ya nyani, ambao pale hawana haya hata kidogo. Watatu ndio wanaokwenda kuona kilichowaleta.

Halafu mafua. Hili watu wengi wanalichukulia kama urasimu wa wahifadhi, na mwanzoni hata mwalimu alicheka. Sokwe mtu ana undugu wa karibu sana na sisi kiasi kwamba maradhi yetu yanamwingia bila kubisha hodi, na mafua yanayompa mtoto wako siku nne za makamasi yanaweza kumuua sokwe. Gombe wanalijua hilo kwa uchungu. Goodall alifika pale Julai 1960 akiwa na miaka 26, na mwaka 1966 kundi alilokuwa akilifuatilia lilipatwa na ugonjwa unaofanana na polio; wako waliokufa na wako waliobaki na mikono iliyopooza. Ndiyo maana leo unaambiwa ukae mbali nao, muda wako mbele yao una kikomo, na mwenye kikohozi anabaki nyuma. Mtoto wa miaka 3 asingepanda hata hivyo. Ila yeye hulala na mama yake, na huyo mama alikuwa mmoja wa watatu waliopangiwa kupanda.

Bado muda. Ratiba ilisema saa mbili kufika, saa sita kuwa mjini. Ukitoa mwendo wa kurudi kwa boti ya kukodi, zinabaki saa mbili za kupokewa, kupewa maelekezo, kumtafuta sokwe na kukaa naye. Kuna siku anayewafuatilia anawakuta karibu tu, na kuna siku mnapanda na kushuka mabonde matatu. Mtu anayepanga Gombe ya siku moja aipe siku yote, asichanganye na kingine, na awe tayari kurudi wakati upepo wa mchana umeanza kulichafua ziwa. Miezi ya kiangazi upepo wa kusi unaweza kuvuma kwa nguvu. Mvuvi wa Kibirizi anayaona hayo mawimbi kama kazi ya kila siku. Bibi wa miaka 70 na mtoto wa 3 kwenye boti ya mbao hawatayaona hivyo.

Nilimwandikia mwalimu kwamba Gombe iondoke kwenye karatasi. Si iahirishwe hadi jioni, si ipunguzwe, iondoke. Alinyamaza nusu siku kwa sababu ya binti.

Jambo la pili lililovuja lilikuwa saa. Shemeji aliandika "saa kumi na mbili Kibirizi" akiwa na asubuhi ya Dar kichwani. Tanzania nzima tunatumia saa moja, lakini Dar iko karibu na nyuzi 39 mashariki na Kigoma iko karibu na nyuzi 30, na jua linahitaji dakika nne kuvuka kila nyuzi. Tofauti inakaribia dakika 40. Mwanzoni mwa Septemba, saa kumi na mbili asubuhi Kigoma bado ni kiza. Jua linachomoza karibu na saa moja. Kuwaamsha watoto saa tisa na nusu usiku ili mfike mwaloni gizani ni kuwachosha bure, na mtoto aliyekatishwa usingizi analipa kisasi kuanzia saa nane mchana. Faida iko upande wa pili: jua letu linazama karibu na saa moja jioni, kwa hiyo mtu wa Kigoma ana mwanga wa jioni ambao mgeni wa Dar haujui. Ratiba nzima ingesogezwa mbele kwa saa moja na zaidi bila kupoteza chochote. Mabishano ya jambo hili yaliisha haraka, maana shemeji mwenyewe alikumbuka alivyokuwa akishangaa Kasulu kucheleweshewa asubuhi.

Tarehe ndiyo iliyokuwa na utamu.

Mwanzo kabisa walikuwa wamefikiria Juni, wakati wa likizo. Mama alikataa bila mjadala: mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, na mfanyabiashara wa dagaa haendi Kigoma ziwa limefungwa. Septemba ikachaguliwa. Lakini Jumamosi ipi? Kwa mwalimu na shemeji zilikuwa sawa. Kwa mama na bibi hazikuwa sawa hata kidogo, na kila mmoja alitazama mwezi uleule akasoma jambo lake.

Dagaa wetu huvuliwa usiku kwa taa. Zamani zilikuwa karabai, sasa nyingi ni taa za betri na sola. Mwanga unawavuta juu, wavu unawafuata. Usiku wa mbalamwezi mwanga umetapakaa ziwa zima na taa ya mvuvi haina kazi. Mitumbwi inapumzika au inarudi na kidogo, na bei inapanda. Septemba ile mwezi mchanga ulikuwa tarehe 3, na ulijaa alfajiri ya tarehe 18. Kwa hiyo Jumamosi ya tarehe 7 ingekuta mwalo una shehena ya usiku wa giza, waliovuliwa usiku wa kuamkia Ijumaa na kukaushwa kwa jua la siku moja. Tarehe 14 mwezi ungekuwa unang'aa sehemu kubwa ya usiku. Mama alisema saba, akafunga mdomo.

Bibi alisema kumi na nne. Mwezi huohuo kwake ulikuwa Mfungo Sita, na Maulidi yangeangukia katikati ya Septemba. Ndugu zake wa Ujiji, na wengine kutoka Kalemie upande wa pili wa ziwa, wangekuwa wameanza kukusanyika. Kwenda tarehe 7 na kugeuza siku hiyohiyo ni kwenda kuchungulia mlangoni na kuondoka. Aliniambia kwa simu, kwa adabu yake yote: "Mwanangu, mimi sikuomba safari ya kuona nyumba. Nimeomba kuona watu."

Wanaume walitaka kupiga kura. Ingekuwa dhambi. Mke na mama mkwe wangewekwa kwenye mizani mbele ya watoto, na atakayeshindwa angekaa ndani ya gari siku nzima akiwa ameshindwa. Kilichofungua fundo ni kuuliza swali ambalo karatasi ya shemeji haikuwa nayo: je, lazima wote wanane warudi? Bibi hana shule Jumatatu. Ana nyumba ya mdogo wake Ujiji, ana dada wa kulala naye, na mabasi ya Kasulu yapo kila siku. Aende na gari tarehe 7, abaki hadi Maulidi yapite, arudi kwa basi akisindikizwa na mjukuu yeyote wa Ujiji anayetaka kutembea. Mama apate mwezi wake, bibi apate wake. Kwenye Noah ya watu wanane kiti kimoja kinabaki wazi wakati wa kurudi, na mama aliona nafasi ya gunia kabla ya mtu yeyote.

Sasa jiografia, kwa wasioujua mji. Ukitoka Kasulu unapita Mwandiga, unaingia mjini. Kutoka mjini barabara moja inakwenda Ujiji kwa kupitia Mwanga, kama kilometa 8. Nyingine inashuka kusini-magharibi kuelekea Katonga, na kando yake ndiko kwenye ufukwe wa Jakobsen, wenye maji maangavu na miamba. Kwa hiyo Ujiji ni mkono mmoja, Katonga na ufukwe ni mkono mwingine. Kibirizi iko kaskazini, na baada ya Gombe kuondoka haikuwa na sababu ya kuendewa tena. Mama ana mchuuzi wake Katonga wa miaka mingi.

Wanaume walipanga Ujiji kwanza kwa heshima ya bibi. Mama alitaka Katonga kwanza, kwa sababu dagaa wazuri hawakusubiri mchana. Nilikuwa upande wa mama kuhusu muda na dhidi yake kuhusu gari: gunia la dagaa ndani ya Noah iliyofungwa vioo, kutwa nzima juani, na watoto ndani yake, ni adhabu. Suluhu aliitoa mwenyewe. Anunue asubuhi, apime, afunge, aweke alama yake, alipe, amwachie mchuuzi kibandani. Jioni wakitoka ufukweni, Katonga ni palepale, wanapakia na kuondoka.

Siku yenyewe waliondoka Kasulu saa kumi na moja na nusu alfajiri, wakanywa chai Mwandiga, na saa mbili kasorobo walikuwa Katonga. Niliwakuta huko. Mwalo ulikuwa umejaa: chanja za nyavu zimetandazwa dagaa hadi jua halioni pa kutua, na wanawake wanageuza kwa mikono bila kuinua macho. Mama wa Kasulu hakusalimia bei kwanza. Alichota konzi moja kwenye kila rundo, akaipepeta kiganjani, kisha akaangalia kilichobaki mkononi baada ya kuwarudisha dagaa. Kiganja cha rundo la kwanza kilibaki na mchanga. Hao walikuwa wameanikwa chini. Rundo la tatu kiganja kilibaki na magamba tu, yakimeta. Hao ni wa chanja. Akavunja mmoja katikati, akasikiliza, akanusa, ndipo akauliza sado inakwendaje. Mvulana wa 9 aliyaona yote hayo na kwa siku nzima alikuwa anapepeta vitu kiganjani, pamoja na mchanga wenyewe.

Ilichukua saa mbili badala ya ile moja iliyopangwa. Hapo ndipo siku ilipoanza kula sehemu ya wavulana, na sikulipenda. Biashara ikiingizwa kwenye safari ya familia lazima iwekewe mtu wa kuisimamia peke yake. Shemeji angeweza kuwapeleka wengine Ujiji akarudi kumchukua dada yake. Alikuwepo, gari lilikuwepo, na nadhani hakuna aliyetaka kumkatiza mama alipokuwa kazini.

Ujiji walifika karibu na saa tano. Bibi alishuka kwanza, na hapo hapakuwa na ratiba tena. Dada zake walikuwa wamempikia migebuka na ugali wa muhogo, na kijana aliyesema "tutarudi saa saba kula" alitazamwa hadi akakaa. Wakala kwanza. Mwalimu aliokoa muda kwa kuwaacha bibi, mama na mtoto mdogo barazani, mtoto akalala saa mbili nzima mapajani kwa nyanya zake, usingizi uliookoa jioni yote. Wengine walikwenda makumbusho kwa miguu.

Makumbusho ya Ujiji ni madogo, na ukiwa na matarajio makubwa utaondoka umenuna. Kuna mnara, kuna miembe inayosemekana ni kizazi cha ule wa zamani ambao Stanley na Livingstone walikutana chini yake, kuna sanamu zao wakivuliana kofia. Uzuri wake unategemea nani anawasimulia watoto. Mwalimu hakuanza na Wazungu. Alianza na barabara: misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapumzika Tabora, ikaishia hapa, miezi ya kutembea, pembe na watumwa, akawaambia kwamba wasafiri wa Kizungu Burton na Speke walipofika mwaka 1858 walikuta soko linaendelea na Kiswahili kinasemwa. Stanley alikuja 1871 kumtafuta Livingstone, kwa njia ileile ambayo wengine walikuwa wameichimba kwa nyayo.

Swali zuri la siku lilitoka kwa yule wa miaka 13, aliyekuwa amenuna tangu aliposikia habari ya umri wa Gombe. Kama walikutana karibu na ziwa, mbona ziwa liko kule chini? Mwalimu hakuwa na jibu, akanitazama. Jibu ni kwamba siku hizo ziwa lilikuwa juu zaidi. Mto Lukuga, upande wa Kongo, ndio mlango pekee wa maji kutoka, na ulikuwa umezibwa na matope na majani. Mnamo 1878 maji yaliusukuma ukafunguka, na kwa miaka iliyofuata ziwa likashuka takribani mita 10. Ufukwe ulioonwa na Livingstone uko nchi kavu leo. Miaka hii ziwa limepanda tena na kuingia kwenye nyumba na mialo, Kigoma na ng'ambo. Kijana aliuliza kama linaweza kurudi hadi kwenye mnara. Alipoambiwa ni mita nyingi mno, alionekana kukata tamaa kidogo.

Ufukweni walifika saa tisa na nusu. Ratiba mpya ilisema saa nane. Maji bado yalikuwa mazuri, upepo ulikuwepo lakini ghuba inakinga. Sheria zilikuwa mbili tu: hakuna kuogelea kwenye majani wala maji yaliyosimama, kwa ajili ya kichocho, na mtu mzima mmoja awe ndani ya maji wakati wowote mtoto yumo. Shemeji alikuwa na miwani ya kuzamia aliyoinunua Kariakoo, na hiyo ikageuka kuwa kitu cha thamani kuliko vyote alivyovileta. Ziwa hili lina aina zaidi ya 200 za samaki wa jamii ya sato, wengi wakiishi mawe kwa mawe, na karibu wote hawapatikani kwingine duniani: wa mistari, wa njano, wa buluu, wengine wanaolea watoto mdomoni. Kijana wa 13 aliweka uso majini saa tisa na dakika arobaini na kuutoa alipoitwa kwa jina lake lote. Mdogo wake alipata zamu kwa ugomvi.

Saa kumi na moja na nusu walipakia gunia Katonga, na saa kumi na mbili kasorobo walikuwa wanapanda kuelekea Mwandiga jua bado lipo. Hilo nililishikilia kwa ukali kuliko jambo lolote: sehemu kubwa ya njia ipite kwenye mwanga, kwa sababu baiskeli za mkaa na mihogo hazina taa, na dereva aliyekuwa macho tangu alfajiri anaamini anaona kuliko anavyoona. Kasulu waliingia saa mbili kasoro. Noah ilinuka dagaa kwa wiki mbili na shemeji aliondoka nayo Dar hivyohivyo.

Bibi hakurudi baada ya Maulidi kama ilivyopangwa. Alikaa hadi mwisho wa mwezi, akarudi kwa basi na dumu la mawese.

Gombe ya binti ilifanyika Desemba ile, kwa mpango ambao safari ya familia isingeubeba: watatu tu, yeye, baba yake na mjomba, malipo ya hifadhi yakiwa yameshafanywa kwa namba ya malipo kabla ya kutoka Kasulu, boti ya wananchi kutoka Kibirizi mchana, usiku mbili kwenye nyumba za wageni za hifadhi, chakula chao wenyewe. Njia zilikuwa na matope na walianguka sana. Sokwe waliwaona asubuhi ya kwanza. Mvulana wa 13 alibaki nyumbani, ameshajua mwaka atakaofikisha 15, na ameshamwambia mjomba wake asiiuze Noah, ingawa alielezwa tena kwamba Gombe haina barabara.